Esteti ya Mzee Mutalemwa

Siku walipomzika mzee Mutalemwa, mwanawe wa kwanza Novatus alikuwa na umri wa miaka hamsini na mbili, na hata akiwa ameshika koleo kando ya kaburi la baba yake, macho yake yalikuwa kwa dada yake. Vero alikuwa amekaa mkekani pamoja na shangazi zao, analia kwa sauti ya chini. Kila mgeni aliyefika, awe ametoka Songambele au ng'ambo ya mto kule Uganda, alianza kwa Vero kumpa pole, akainama, akamshika mikono. Kwa Novatus walifika baadaye, wengine wakiwa wameshakunywa uji.

Wivu ule haukuanzia msibani. Ulikuwa na umri wa Vero mwenyewe.

Mzee Mutalemwa katika ujana wake alikuwa karani kwenye mashamba makubwa ya kahawa huko Uganda. Huko ndiko alikojifunza Kiingereza, na tangu hapo kila alichotaka kitunzwe alikiandika kwa Kiingereza katika madaftari ya shule. Aliporudi nyumbani, upande wa Kimuli, aliwaachia wenzake desturi ya kuchanganya migomba na kahawa kibanjani, yaani kwenye shamba linalozunguka nyumba. Yeye alichukua ekari mbili za mteremko zilizo nyuma ya nyumba, akapima kwa kamba, akapanda mibuni kwa mistari iliyonyooka. Kwa utani akaliita shamba hilo Esteti. Kijiji kizima kikalipokea jina, na watoto waliozaliwa baadaye hawakujua kama lilianza kwa utani.

Mashimo ya mistari ya kwanza aliyachimba Novatus pamoja na baba yake, akiwa na miaka kumi. Alipofikisha kumi na minne akazaliwa Vero. Novatus alipomaliza kidato cha nne bila kufaulu, baba yake alimwambia akatafute kazi, naye akaenda kukata miwa upande wa Missenyi kwa miaka sita. Vero alipofaulu, baba yule yule aliuza ng'ombe wawili ampeleke chuo cha uuguzi. Sasa alikuwa muuguzi kwenye zahanati moja ya Bweranyange, ameolewa na fundi seremala aitwaye Benjamin.

Mzee alipougua, Novatus ndiye aliyemwamsha kila asubuhi, akamwogesha, akambeba mgongoni hadi juani. Vero alikuja kila Jumamosi. Lakini tangu Ijumaa jioni mzee angeanza kuuliza kama Vero ameshafika, na siku moja, Novatus akiwa anamlisha uji, mzee aliuliza tena, kisha akasema uji wa Vero hauna mabonge. Novatus aliendelea kumlisha. Neno lile alilala nalo miezi.

Baada ya matanga, ukoo ulikutana. Mwenyekiti alikuwa baba yao mdogo, mzee Yustus, na mchungaji alileta bahasha aliyokuwa amekabidhiwa na marehemu. Ndani kulikuwa na karatasi moja, mistari michache, kwa Kiingereza. Mchungaji alikuwa amesahau miwani, na mzee Yustus hakusoma zaidi ya darasa la nne, kwa hiyo karatasi akapewa Novatus. Kila mtu alitarajia kusikia jina la Novatus mwenyewe. Kwa mila yao, mtoto wa kwanza wa kiume ndiye msika, anayekalia kiti cha baba na kushika kibanja.

Novatus aliisoma kimya mara mbili. Maneno yote aliyajua, na neno moja alilijua kuliko mengine, maana alilikatia miwa miaka sita. Kule Missenyi esteti ilikuwa shamba la kampuni, na nyumbani esteti ilikuwa ile kahawa iliyo nyuma ya nyumba. Akainua uso.

"Anasema binti yake Vero ndiye atakayeishika Esteti," alisema.

Mzee Yustus aliomba asome tena, naye akasoma tena, na maana ikawa ile ile. Wazee wakatazamana. Vero alikuwa ameinamisha kichwa, kanga imemfunika mdomo, na hakusema kuwa hataki. Hilo ndilo lililomchoma Novatus. Laiti angesema, "Hapana, ni ya kaka." Hata kwa unafiki.

Wiki iliyofuata Vero alimpigia simu mara mbili. Novatus aliona jina lake kwenye kioo, akaiacha simu iite hadi ikachoka. Mzee Yustus alituma ujumbe kwamba ukoo unakutana tena Jumapili mchana kwa ajili ya barua ya kwenda mahakamani. Novatus akajibu kuwa ana kazi, akashinda nyuma ya nyumba akichonga mpini ambao jembe lake halikuuhitaji.

Mwezi wa nne Vero alikuja na mumewe. Novatus aliwaona akiwa kwenye migomba yake, ng'ambo ya uzio. Benjamin alikuwa na futi ya kupimia, Vero ana daftari, na mbele yao alitangulia Theoneste akifyeka njia. Wazazi wa Theoneste walitoka Rwanda kufanya vibarua kabla yeye hajazaliwa. Mzee Mutalemwa aliwapa mahali pa kujenga chini ya Esteti, kwa mdomo tu, bila karatasi, na baada yao mtoto wao aliitunza kahawa ya mzee kama yake. Watatu wale walipita mstari kwa mstari. Vero alikuwa anaandika. Mara moja alicheka kwa jambo alilosema Theoneste, na kicheko kikafika mpaka kwenye migomba.

Usiku huo Novatus hakula vizuri. Mkewe, Kemilembe, alimwuliza kwa nini asimfuate Vero akamwuliza anapima nini.

"Mtu anapima mali yake," Novatus alisema. "Nimwulize nini?"

Kemilembe alimwambia kwamba huenda barua ina maana nyingine, kwamba mzee hakuwa mtu wa kuwagombanisha watoto. Novatus akamjibu kuwa kati yao wawili aliyekaa darasani kusoma Kiingereza ni mmoja. Mkewe akaondoa vyombo.

Kesho yake alikwenda kwa mwandishi wa barua kule senta, akaandikiwa pingamizi la kupeleka Mahakama ya Mwanzo, kwamba yeye, mtoto wa kwanza, anapinga Vero kupewa esteti. Alipolikabidhi alijisikia nafuu siku mbili. Siku ya tatu Vero alimtumia ujumbe wa simu: "Shikamoo kaka. Naomba umwambie Theo aongeze nyasi kwenye mibuni ya juu, jua ni kali." Ulikuwa ujumbe wa kawaida. Novatus akausoma kama bosi anavyomwandikia nyapara, na moyo ukamjaa tena.

Jumapili ya tatu ya mwezi wa tano alisema kichwa kinamwuma, asingeweza kwenda kanisani. Kemilembe akaenda na watoto. Theoneste na mkewe Uwingabire walikuwa wameshapita asubuhi kuelekea kigangoni, Uwingabire akitembea pole pole kwa sababu ya mimba. Njia ilipokuwa tupu Novatus alichukua msumeno na panga, akaruka uzio.

Alianza na mstari wa kwanza kabisa, ule aliochimba akiwa na miaka kumi. Kahawa ilikuwa imeanza kuiva, nyekundu moja moja katikati ya kijani. Shina la kwanza lilichukua muda, kwani mkono ulikuwa unasita. La pili likawa rahisi, na baada ya hapo hakusita tena. Alikata kwa pumzi moja, akisikia matawi yakianguka, na kila tawi lilipolala chini alihisi amemwambia Vero jambo ambalo hakuwahi kuweza kumwambia. Alikata mistari mitatu. Kisha mikono ikaishiwa nguvu, akasimama, akatazama nyuma yake, na kwa mara ya kwanza akaona alichokifanya. Alishuka mtoni, akanawa, akabadili shati.

Kemilembe aliporudi alimkuta amekaa kibarazani. Alimtazama vidole, vilivyokuwa bado na weusi wa utomvu kwenye kucha.

"Ulitoka?"

"Sikutoka."

Hakuuliza tena. Lakini tangu mchana ule alimwandalia chakula, akamwekea maji ya kunawa, na hakumsemesha isipokuwa kwa jambo la lazima.

Uharibifu aliugundua Theoneste mwenyewe, alipokwenda jioni kuangalia kahawa. Alipiga yowe, watu wakaja. Kesho yake kijiji kikaitwa kwenye kikao, na kabla jua halijawa kali kauli ilikuwa imepatikana. Nani mwingine anayeingia Esteti kila siku? Nani aliyesikia kwamba shamba linapata mmiliki mpya, naye hana karatasi ya mahali anapolala? Mmoja akasema mtu wa kuja hawezi kuwa na uchungu na kahawa. Theoneste aliyezaliwa umbali wa hatua mia mbili kutoka pale alisimama, kofia mkononi, akasema hajui lolote.

Mwenyekiti wa kijiji alimgeukia Novatus. Akamwuliza, kama mkubwa wa nyumba iliyodhulumiwa, anamshuku nani.

Theoneste alimtazama. "Kaka Novatus, wewe unanijua," alisema. "Nimekula kwenu tangu sijaota meno."

"Mimi sijui," Novatus alisema.

Hilo lilitosha. Theoneste akaamriwa aripoti ofisi ya kijiji kila asubuhi mpaka jambo lipatiwe ufumbuzi, na wapo waliosema wazi kwamba ingefaa aondoke kabla ya mavuno. Jioni ile Novatus alimwona Uwingabire akianua nguo na kuzikunja moja moja, akizipanga ndani ya mfuko wa salfeti.

Vero alifika Jumatano. Alizunguka kwenye visiki, akaokota tawi moja, akaliweka chini tena. Hakwenda kwa Novatus. Alishuka kwa Theoneste, akakaa mlangoni na Uwingabire aliyekuwa analia, akamshika mkono, akampima tumbo kwa kiganja kama wauguzi wanavyofanya, na baada ya muda Uwingabire akaufungua ule mfuko, akazirudisha nguo ndani ya nyumba. Novatus alikuwa anatazama kutoka kwenye migomba. Alijua fika kwamba machozi ya mwanamke yule yametokana naye. Hata hivyo kilichomwuma si machozi. Kilichomwuma ni kwamba hata mtu aliyeumizwa na yeye Novatus, wa kumfariji alikuwa Vero.

Shauri lilisikilizwa mwanzoni mwa mwezi wa sita. Hakimu alikuwa mama wa makamo mwenye sauti ya upole. Walikuwapo Vero na mumewe, mzee Yustus, Theoneste aliyeitwa kama mtunzaji wa shamba, na Novatus na mkewe. Hakimu alilisoma pingamizi, akamwuliza Novatus kama anapinga Vero kuwa msimamizi au anapinga mgawanyo.

Novatus akasema hajui habari za usimamizi. Anapinga Vero kupewa esteti.

Hakimu aliichukua ile karatasi ya mzee, akaisoma polepole, akamwuliza neno hilo amelijulia wapi.

"Kwenye miwa, mheshimiwa."

Nyuma mtu alicheka, hakimu akamtazama akaacha. Kisha akaeleza, bila haraka, kama mtu anayemweleza mzazi wake. Alisema neno lile kwa Kiingereza lina maana zaidi ya moja. Kwenye miwa ni shamba kubwa. Kule mijini watu huliita hivyo kundi la nyumba zilizojengwa pamoja, na madalali wa viwanja nao wana la kwao linalofanana nalo. Lakini mtu anapoandika kuhusu kifo chake, neno hilo ni kila kitu anachokiacha: nyumba, kibanja, kahawa, kuku, jembe, mpaka madeni. Ni mirathi. Na kushika hapa maana yake ni kusimamia. Mzee Mutalemwa aliandika kwamba Vero akusanye mali, aiorodheshe, aigawe kwa wanaostahili. Hakusema achukue.

"Hukuelezwa haya na ukoo?" hakimu aliuliza.

Mzee Yustus akainuka kusema kuwa walikutana mara ya pili, Vero akawaeleza alivyoambiwa na karani wa mahakama, wakatia sahihi. Novatus aliitwa, hakuja. Nao walidhani anaelewa, kwa kuwa barua aliisoma yeye.

Hakimu akamwomba Vero asome mapendekezo yake. Vero alifungua daftari. Nyumba na kibanja cha migomba, kaka Novatus. Esteti igawanywe katikati, nusu ya juu iliyo karibu na nyumba iwe ya kaka Novatus, nusu ya chini iwe ya Vero. Theoneste apimiwe eneo lake na kuandikiwa, kama marehemu alivyomwahidi baba yake. Kisha sauti ikapungua. Akasema kwamba kwenye nusu ya juu kuna mistari mitatu iliyokatwa na mtu asiyejulikana, kwamba kijijini anasingiziwa Theoneste, na yeye haamini.

Novatus alikuwa ameshika ukingo wa benchi. Alimwona Theoneste akitazama sakafu. Pembeni yake Kemilembe alikaa wima, mikono mapajani, hamtazami. Alijua kwamba akinyamaza hapo pia, mkewe ataendelea kumwekea maji ya kunawa mpaka kufa kwake bila kumsemesha. Akasimama.

"Ile kahawa nilikata mimi," alisema. "Theoneste hahusiki."

Hakimu alimwuliza kwa nini. Novatus alisema ni hasira.

Walipotoka nje, mzee Yustus alipita bila kumwangalia. Vero alisimama chini ya paa la jengo, daftari kifuani. Novatus akaenda kwake. Alikuwa amejiandaa kutukanwa, na angefurahi kutukanwa.

"Kwa nini hukuniuliza?" Vero alisema. "Nilikupigia."

"Kwa nini mzee hakuniandika mimi?" Novatus akasema. Hata sasa, baada ya yote, hilo ndilo lililomtoka.

Vero alimtazama usoni. Ilionekana anachagua kati ya kumpoza na kumwambia kweli.

"Alisema wewe ukikasirika huongei," alisema mwishowe. "Akasema mtu asiyeongea hawezi kuwagawia watu mali, kila mtu atamwogopa. Nilimbishia, kaka. Nilimwambia atakuwa amekuvunjia heshima."

Novatus alitamani kukasirika, na akaona kwamba akikasirika hataongea, na baba yake atakuwa amesema kweli. Akasema, "Nisamehe." Vero alisema amesikia. Hakusema amesamehe.

Mgawanyo ulikwenda kama ulivyosomwa. Kijiji kilikutana tena, na Novatus alisimama mbele ya watu wale wale akarudia alichokisema mahakamani. Aliombwa amlipe Theoneste fidia ya mbuzi, akampeleka mwenyewe kwa kamba. Theoneste alimpokea mbuzi, akashukuru, lakini hakumkaribisha kukaa. Bwana shamba alikuja akaangalia visiki. Akasema vilivyokatwa kwa msumeno vitachipua na kuzaa baada ya miaka mitatu, ila vilivyopasuliwa kwa panga ving'olewe. Novatus aling'oa kumi na saba. Kemilembe alitoka nyumbani na jembe lake, akaanza mstari mwingine, na katikati ya kazi akamwuliza kama anataka maji ya kunywa.

Wivu haukumwisha. Mzee Yustus alipopiga simu akauliza habari za Vero, bado kitu kilimbana kifuani. Alijifunza kukitambua tu, kama mtu anavyoutambua mguu wake unaouma wakati wa mvua.

Mwezi wa nane Uwingabire alijifungua mtoto wa kike. Vero alifika kutoka Bweranyange asubuhi mapema na mfuko wa nguo za mtoto, na hadi saa sita mchana alikuwa bado kwa Theoneste. Kutoka kwenye migomba Novatus alisikia sauti zao na harufu ya ndizi zilizopikwa na maharage. Akasimama pale kitambo, mkono kwenye mgomba, na kile kitu kikambana. Kisha akachukua panga, akachagua mkungu mzuri kuliko yote iliyokuwa tayari, akauangusha, akautwika begani akashuka nao.

Mlangoni alipiga hodi. Theoneste alitoka, akamtazama yeye na mkungu.

"Nimekuja kumwona mtoto," Novatus alisema. "Kama mtaniruhusu."

Ndani Vero alikuwa amempakata mtoto, anasikiliza. Kisha Theoneste akaushika mkungu kwa upande mmoja, wakautua pamoja ukutani, akasogea kidogo Novatus apate kupita.